Siku Kakakuona Alipozima Mashine

Karani wa mizani hana rafiki. Mkulima anaamini unampunja, mnunuzi anaamini umehongwa na mkulima, na mwenye mashine anaamini mmekula njama nyote watatu kumwibia yeye. Nimeifanya kazi hiyo kwenye mashine ya kukoboa mpunga wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, katika mji mdogo ulioegemea barabara kuu iendayo Zambia. Kwetu mkulima alilipia kukoboa kwa kila kilo ya mchele uliotoka mashineni, kisha akauuza mchele huohuo palepale uwanjani kwa wanunuzi wa kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo namba moja niliyoandika ilikuwa na kazi mbili: kwenye leja ya bosi mkulima aliitaka iwe ndogo, kwa mnunuzi aliitaka iwe kubwa. Ugomvi haukuhitaji kutafutwa.

Nilikaa ndani ya kibanda cha wavu, meza mbele, mizani pembeni, vumbi la pumba kila mahali hadi ndani ya chai. Watu niliwajua kwa tabia zao mbele ya mizani. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa akiegemeza goti kwenye gunia akidhani simwoni. Kulikuwa na mnunuzi mwenye majigambo aliyepiga hesabu kichwani upesi kuliko kikokotoo changu, kisha akatazama huku na huku kuhakikisha tumeona. Na kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa eka chache, ambaye kila gunia lake alitaka lipimwe mara mbili. Nalipima mara ya pili, linasoma vilevile. Anatikisa kichwa, anaondoka, hajaridhika. Moyoni nilimpa jina la Mama Rudia, na nilikuwa nimemchoka.

Novemba ni mwezi mgumu katika bonde letu la Usangu. Mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai, kwa hiyo anayeleta gunia mashineni Novemba ni yule aliyeuweka akisubiri bei ipande, na sasa ama imepanda ama shida imemzidi. Mvua zinangojewa. Mifereji imebaki matope yaliyopasuka. Wakubwa huja na magari yao kutukumbusha kwamba Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kila kiangazi huko chini hifadhini tangu 1993, na kwamba sisi wa mpunga ndio tunaoyamaliza maji. Mkulima anawasikiliza, anaitikia, kisha anaangalia mbingu. Watu wenye jicho moja juu na jingine kwenye mizani si watu wa kutaniana nao.

Siku hiyo ilianza vilevile kama nyingine. Bosi alikuwa amekuja na uso uliokunjamana, fundi mashine anapiga nati, mama lishe anagawa chapati kwa mkopo na kuapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Mashine ikishawashwa pale hamsikilizani. Tulizoea kusemezana kwa mikono. Kidole juu, gunia moja. Kiganja chini, shusha. Mkono shingoni, huyu hajalipa.

Kama saa nne hivi nikaona mlango wa nyuma unafunguka, na kijana wa kuzoa pumba anaingia mbio, mdomo wazi. Alikuwa anapiga kelele, lakini sikusikia kitu. Akaenda moja kwa moja kwa fundi, akamshika bega, akamwambia jambo sikioni. Fundi akavuta swichi.

Mashine kuzimwa mchana ina sababu mbili tu: umeme umekatika au mtu ameshikwa na mkanda. Taa zilikuwa zinawaka. Basi tukakimbia wote kuelekea nyuma, makuli, wakulima, wanunuzi, mimi na leja yangu kwapani kwa sababu leja haiachwi, kila mmoja akijiandaa kuona damu.

Nyuma ya mashine kulikuwa na mlima wa pumba ambao wafyatua matofali huja kuuchukua kwa ajili ya kuchomea matanuri yao. Chini ya mlima huo, penye kivuli, mzee mlinzi alikuwa amenyoosha fimbo yake ulalo kama kizuizi cha barabarani. Upande wa pili wa fimbo alikuwapo kakakuona.

Sote tulikuwa tumeshasikia habari zake. Nadhani ni mzee peke yake aliyewahi kumwona. Alikuwa amejikunja mviringo, kichwa kimefichwa, mkia umefunika tumbo na uso, na urefu wake angenyooka haungefika mita moja. Magamba yalikuwa ya rangi ya udongo mkavu, mapana mgongoni na membamba kuelekea mkiani, kila moja lina mistari myembamba ya urefu, na kingo za machache zilikuwa zimekatika kwa uzee au kwa kupita kwenye mashimo. Katikati ya magamba kulikuwa na udongo na vipande vya pumba. Tulikuwa tukimsikia anavyopumua. Kila pumzi ilisugua magamba, na kwa ule ukimya wa mashine kuzimwa, sauti hiyo ndogo kavu ilitufikia hata sisi wa nyuma.

"Asiguswe," mzee akasema. "Nani kamwona wa kwanza?"

"Mimi, babu," kijana wa pumba akajibu.

"Basi ni wako. Kakufuata wewe. Usiondoke hapo."

Mzee alikuwa Msangu wa palepale, mtu wa maneno machache, ambaye kwa kawaida mamlaka yake yaliishia kwenye kufungua na kufunga geti. Sasa alianza kutoa amri, na bosi mwenyewe akazitii. Yaletwe maji kwenye bakuli. Uletwe unga. Liletwe jembe. Uletwe mkuki. Mkuki haukuwapo, likaletwa panga la kukatia kamba. Iletwe dawa. Hapo tukatazamana, kisha nikafungua mkoba nikatoa vidonge viwili vya panadoli, na mzee akavipokea kwa mikono miwili bila hata kutabasamu. Akavipanga vitu vyote chini katika nusu duara. Maana yake kila mtu pale aliijua au alijifanya kuijua: akienda kwenye maji, mvua; kwenye unga, shibe; kwenye jembe, kazi nyingi na mavuno yake; kwenye panga, damu; kwenye dawa, maradhi.

Mama lishe alikuwa wa kwanza kupinga. "Mambo ya mizimu hayo. Mimi nimeokoka." Lakini hakuondoka. Akasogea, akasimama mstari wa mbele, na baada ya muda nikamwona anafungua pindo la kanga, anatoa sarafu ya shilingi mia mbili na kuiweka chini kando ya unga, akiitazama pembeni asije akaonekana ameiweka yeye.

Kuanzia hapo mpangilio wa mzee uliharibika, na siku ikawa nzuri.

Dereva wa Fuso aliweka funguo za gari. Kuli mmoja akavua saa yake, mwenzake akamcheka, kisha naye akatoa kadi yake ya kupigia kura. Fundi akaweka spana. Yule mnunuzi mwenye majigambo alisimama kando akitabasamu kwa dharau ya mtu wa mjini, halafu akachuchumaa ghafla akaweka pete ya ndoa, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Bosi aliingiza mkono mfukoni na kutoa kufuli la stoo. Barua za benki nilizokuwa nikimpokelea nilizijua, hivyo nilielewa anauliza nini. Makuli hawakujua, wao waliona kufuli tu. Lakini jinsi alivyoliweka chini taratibu, kwa vidole viwili, iliwanyamazisha hata wao.

Mama Rudia alifungua kitambaa kilichofungwa kwenye kona ya kitenge. Ndani yake, pamoja na noti alizokuwa amelipwa asubuhi ile, mlikuwa na picha ndogo ya pasipoti, ya msichana aliyevaa sare ya shule. Akaiweka kati ya maji na jembe, akaweka kijiwe juu yake isipeperuke. "Kamaliza darasa la saba," akasema, akiniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. "Tunasubiri." Akanitajia jina la binti, na shule anayotamani apangiwe, na bei ya godoro la bweni, yote kwa pumzi moja. Sikuwahi kumsikia akisema neno lolote zaidi ya "rudia".

Mimi niliweka kalamu. Sikumwambia mtu kwa nini, na hapa pia sisemi.

Tulisubiri. Mtu anayelipwa kwa gunia anajua thamani ya kila dakika, na kuli hubeba mbio kwa sababu hiyo. Lakini hakuna aliyehimiza. Jua lilisogea. Mtu fulani alianza kupiga chafya kwa ajili ya pumba akazibwa mdomo. Kisha mkia ukalegea kidogo, ikatokea pua, ndefu, nyeusi, yenye unyevu, ikinusa. Likafuata jicho, dogo, duara, halina haraka. Akajikunjua.

Kakakuona wa kwetu hutembea kwa miguu ya nyuma. Hilo wengi wetu hatukulijua, na watu walirudi nyuma hatua mbili kwa pamoja. Miguu ya mbele, yenye kucha ndefu za kuchimbia, aliikunja kifuani, mkia ukaning'inia nyuma kumpa mizani, akaja akiyumba kidogo na kichwa kimeinama. "Anaomba," mama lishe akanong'ona, amesahau wokovu.

Akapita kati ya unga na sarafu. Akakanyaga kufuli. Funguo za Fuso hakuzinusa hata kwa adabu. Alipofika penye jembe akageuka, mkia ukazunguka nyuma yake, ukagonga bakuli, na maji yote yakamwagika yakatiririka hadi kwenye ile picha. Ukelele ulioinuka hapo ulisikika hadi barabarani, maana pikipiki zilisimama. Mzee alikuwa akisema "Mvua! Mvua!" Mama Rudia aliruka, akaiokota picha, akaifuta kwa kitenge huku analia na kucheka. Makuli wakaanza kushangilia mtoto wasiyemjua.

Kakakuona mwenyewe alikuwa ameshafika alikokusudia, kwenye ufa wa msingi wa jengo, ambako sisimizi walikuwa na njia yao wakihamisha chenga za mchele. Akachimba mara mbili kwa kucha, akaingiza pua, akaanza kula.

Nimetumia muda mwingi wa maisha yangu nikiangalia watu wakifanya kazi, na sijaona kazi iliyofanywa kwa utulivu ule. Ulimi wake ulikuwa mwembamba, wa rangi ya waridi, na mrefu kuliko ilivyowezekana kukaa ndani ya kichwa kile. Ulitoka, ukaingia, ukatoka. Sisimizi waliompanda usoni aliwafumbia macho. Kope zake ni nene kwa ajili hiyohiyo, na pua na masikio anaweza kuyafunga. Yule mnunuzi alikuwa amechuchumaa bega kwa bega na baba wa goti kwenye gunia, na kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidole. Watoto wa wafyatua matofali walikaa chini wakashika tama. Hakuna aliyezungumzia bei.

Baadaye nilijisomea habari zake kwa kadiri nilivyoweza kupata vitabu. Kakakuona hana jino hata moja. Ulimi wake hauanzii kooni, mzizi wake umezama ndani kabisa ya kifua. Chakula chake ni sisimizi, siafu na mchwa, tena si wote. Huchagua aina fulani na kuziacha nyingine zikimpita puani, na hiyo ni sababu mojawapo ya wengi wao kufa wanapofungiwa na kulishwa na binadamu. Magamba ni keratini, kitu kilekile kinachojenga kucha zetu. Huzaa mtoto mmoja kwa wakati, na mtoto husafiri akiwa amepanda shina la mkia wa mama yake. Hulala kwenye mashimo, mara nyingi yaliyochimbwa na muhanga, na kwa kawaida hutoka usiku, ndiyo maana mtu anaweza kuishi karibu naye hadi uzeeni asimwone.

Nilivutiwa zaidi kujua kwamba hatukuwa peke yetu katika kumpangia vitu chini. Nchi yetu ina makabila mengi yanayomwuliza kakakuona habari za mwaka, na magazeti huandika kila anapojitokeza kijijini. Zimbabwe zamani alikuwa zawadi ya kupelekewa chifu. Mwanaanthropolojia Mwingereza Mary Douglas, aliyeishi na Walele wa Kasai huko Kongo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba kwao kakakuona wa huko alikuwa kiini cha ibada nzima, kwa sababu hakuingia katika mafungu yao ya wanyama: ana magamba ya samaki lakini anapanda miti, na anazaa mtoto mmoja mmoja kama binadamu. Maelezo hayo yananitosha. Mnyama asiye na fungu huwalazimisha watu wasimame. Mbuzi angepita pale nyuma ya mashine angefukuzwa kwa jiwe.

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye ule ufa, niliona kwamba kijana mmoja mwenye pikipiki, si wa pale, alikuwa amemvuta pembeni kijana wa pumba. Wavu wa kibanda unakufundisha kusoma midomo. "Laki tano," alikuwa akisema. "Sasa hivi. Weka kwenye salfeti tu, mimi nafunika." Kijana wa pumba alilipwa kwa siku fedha ambazo hazikununua kuku. Alitazama chini. Alimtazama mzee, ambaye naye alikuwa ameona kila kitu na hakusema neno. Ukimya huo wa mzee ulikuwa mrefu, na nadhani ulikuwa wa makusudi.

"Si wangu kuuza," kijana akasema hatimaye, kwa sauti ya kusikika. "Kanifuata tu."

Mwenye pikipiki akaondoka kabla watu hawajageuka wote. Bosi akatoa simu akampigia afisa wanyamapori wa wilaya. Sijui kiasi gani cha simu ile kilikuwa heshima na kiasi gani kilikuwa woga. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha na mtu anayekutwa na nyara za serikali, na bosi alikuwa na matatizo ya kumtosha. Vyovyote vile alipiga.

Askari wawili walifika mchana na sanduku la mbao lenye matundu. Walikuwa vijana wenye adabu. Walimwamkia mzee kwanza, "Shikamoo, baba," wakamwomba ruhusa, na hilo lilimaliza ubishi ambao ungeweza kuzuka. Walisubiri ashibe, na alipojikunja tena wakamwinua kwa mikono minne. Wakaandika maelezo: saa, mahali, nani alimwona. Walisema wataenda kumwachia hifadhini, mbali na mashamba na nyaya. Yule mdogo wao alipomaliza kuandika alifunga daftari, akasogea karibu na mzee, akauliza kwa sauti ya chini, "Halafu, baba, alichagua nini?"

Mashine iliwashwa tena kama saa kumi. Watu walichukua vitu vyao chini kwa aibu kidogo, kila mmoja akigeuza mgongo. Jioni ile nilipima magunia hadi giza, na hakuna aliyeegemeza goti. Mama Rudia alileta gunia lake la mwisho. Nikalipima, nikaandika, nikaanza kulipima tena bila kuambiwa. Akanizuia kwa mkono, kiganja chini, shusha.

Kesho yake tuligombana vizuri tu. Mnunuzi alimwita baba wa goti mwizi, baba wa goti alimwita mnunuzi mnyonyaji, na wote wawili wakaniita mimi jina ambalo silirudii. Sitaki msomaji afikirie kwamba mnyama mmoja alitubadilisha tabia. Mvua zilinyesha Desemba, kama zinavyonyesha Usangu Mungu akipenda, na mzee akasema ni ule mkia. Benki ilimwongezea bosi muda, na mzee akasema kufuli lilikanyagwa, mliona wenyewe. Matokeo ya yule binti sikuyapata. Kufikia Januari mama yake alikuwa akipeleka mpunga kwenye mashine nyingine iliyofunguliwa karibu na kwake.

Mzee sikumbishia, wala sikumwamini. Ninachoamini ni jambo jingine. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa tukionana kila siku ya kazi, tukisalimiana kwa majina ya watoto wetu, tukila chapati za mama mmoja, na hakuna aliyejua mwenzake anaomba nini usiku. Ilibidi aje mgeni asiyejua kusema, asiyeweza kumsimulia mtu, ndipo kila mmoja akatoa shida yake mfukoni na kuiweka chini mbele ya watu. Baadaye nilihamia Dar es Salaam nikapata kazi ya ofisi, yenye kiyoyozi na kitambulisho cha shingoni. Kila mwaka tulipelekwa Bagamoyo kwa basi kujenga umoja wa wafanyakazi. Tulivuta kamba, tulikimbia na yai kwenye kijiko, tulivaa fulana za rangi moja, na mtaalamu mwenye kipaza sauti alituomba kila mtu ataje ndoto yake. Watu walisema wanataka kufikia malengo ya idara. Nilikaa pale na kijiko changu nikimkumbuka mnunuzi wa mchele anavyovua pete.

Tena si lazima awe kakakuona. Bundi akitua kwenye dirisha la ofisi, kinyonga akivuka uwanja wa shule wakati wa kipindi, kima akiingia jikoni kwa wafanyakazi na kuondoka na ndizi ya mhasibu, kazi husimama na watu wanaanza kuzungumza kwa sauti zao za nyumbani. Mkuu wa kazi mwenye busara haangalii saa wakati huo. Dakika hizo zitafidiwa, na hata zisipofidiwa, hasara yake ni ndogo.

Kakakuona, hata hivyo, ana shida ambayo bundi na kinyonga hawana. Adui akija hakimbii wala hang'ati; hujikunja na kungoja. Simba humgeuzageuza akachoka akaenda zake. Kwa binadamu kinga hiyohiyo ndiyo inayomponza, kwa kuwa anayejikunja anaokotwa kwa mikono miwili na kutiwa kwenye mfuko. Huko Afrika Kusini hufa kwa kujikunja wakiwa wameukumbatia waya wa ua wa umeme. Dunia ina spishi nane zinazotajwa kwa kawaida, nne za Asia na nne za Afrika, na zote zinapungua. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES mjini Johannesburg, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya spishi zote nane. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2019, Singapore ilikamata ndani ya wiki moja zaidi ya tani 25 za magamba yaliyokuwa yakipitishwa kutoka Nigeria kwenda Vietnam. Gamba moja la mgongoni unaweza kulifumbata kiganjani. Piga hesabu mwenyewe. Mimi karani wa mizani nilishindwa. China iliyaondoa magamba hayo kwenye orodha yake rasmi ya dawa mwaka 2020, jambo jema, lakini mwenye pikipiki na laki tano yake hasomi orodha hizo.

Tusiwasingizie Waasia peke yao. Hata huku kwetu wapo wanaolichoma gamba zizini ili simba asikaribie ng'ombe, na wapo wanaolisaga kuwa dawa ya mapenzi na ya biashara. Imani ya mzee mlinzi na imani ya mwenye kutafuta dawa zimetoka chungu kimoja: zote zinasema mnyama huyu ana nguvu. Moja inasema kwa hiyo asiguswe, nyingine inasema kwa hiyo achunwe. Sheria peke yake isingefika nyuma ya mlima ule wa pumba kwa wakati. Aliyefika kwa wakati ni mzee na fimbo yake. Wazee wa namna hiyo wanapungua nao, na wanaowarithi mageti wana simu zenye kamera.

Kwa hiyo ukimwona, na Mungu akujalie umwone, zima mashine. Ita wenzako. Kama kwenu mna desturi ya kumpangia vitu, mpangie, alimradi asiguswe. Picha piga, ila usitaje mahali ulipompigia, kwa kuwa wanaomtafuta nao wako mitandaoni. Usimfungie stoo usiku kucha ukisubiri wakubwa waje kumwona, usimpe wali wala maziwa. Mwite mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori siku hiyohiyo, na mkae naye hadi wafike. Na akija mtu na salfeti, mwambieni si wenu kuuza.